Sungura wawili, nyua mbili: kumbukumbu ya kuwatunza Pamba na Kito kabla ya kuhasiwa

Wiki ya 11 tangu wazaliwe. Pamba ni jike na Kito ni dume, ndugu wa tumbo moja ambao hawajawahi kulala mbalimbali. Leo asubuhi, nilipomgeuza Kito mapajani, niliona korodani zake zimeshuka, na jioni hiyohiyo nikawatenganisha, ingawa moyo uliniuma. Udugu hauwazuii kupandana, na yai la jike hupevuka kwa sababu ya kupandwa kwenyewe, hivyo sekunde chache zinatosha kuanzisha mimba ya siku 31 hivi.

Wiki ya 12. Wavu mmoja haukufaa. Nilimkuta Kito amejibana kwenye wavu na Pamba amempa mgongo upande wa pili, nami nafahamu kwamba sungura huweza kupandana hata kupitia matundu ya wavu. Nimeongeza wavu wa pili na kuacha nafasi ya upana wa kiganja katikati, ili waonane na kunusana bila kugusana wala kung'atana. Kila jioni nawabadilishia nyua, huyu akalale kwenye matandiko ya mwenzake, kwa kuwa harufu ndiyo inayomwambia sungura nani ni wake na nani ni mgeni. Kazi hii siiruki hata nikiwa nimechoka.

Wiki ya 14. Kito anarusha mkojo ukutani, naye Pamba ananguruma nikiingiza mkono kusafisha. Nimeshauriwa niwaache wacheze pamoja dakika tano huku nikiwatazama, lakini nimekataa kabisa: siwezi kuiwahi miguu yao, na pigano moja kali katika umri huu laweza kuvunja mapenzi ninayojitahidi kuyalinda.

Wiki ya 16. Kito amehasiwa. Hakufungishwa kula kabla ya upasuaji, kwa sababu sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa bila chakula huweza kusimama kufanya kazi, jambo ambalo ni la hatari kuliko kidonda chenyewe. Usiku alianza kutafuna nyasi kavu, nikapumua. Daktari ameagiza tungoje wiki sita, kwa kuwa mbegu zilizobaki kwenye mirija bado zinaweza kutunga mimba. Pamba atafanyiwa upasuaji wake baada ya kutimiza miezi mitano. Sitaki kumwachia kizazi, maana saratani ya mji wa mimba huwapata majike wengi wanaozeeka bila kuhasiwa.

Wiki ya 18. Mkojo ukutani umepungua. Nimesogeza nyasi za wote wawili karibu na nyavu, nao wanakula wakitazamana, kisha wanajinyoosha sambamba, kila mmoja upande wake. Zimebaki siku 28 za kungoja kwa Kito, na baada ya hapo kidonda cha Pamba kipone, ndipo nitakapowakutanisha katika chumba ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukikanyaga.