Bujora na watoto: anzeni na ngoma

Familia nyingi zinazokuja Mwanza wakati wa likizo hupanga Bujora, kisiwa cha Saanane na Jiwe la Bismarck kwa siku moja. Watu wazima wataweza. Mtoto wa miaka saba, mkifika sehemu ya pili, keshaanza “mama nimechoka”. Siku moja, sehemu moja. Na kama mna siku moja tu, nendeni Bujora.

Bujora ndiyo Makumbusho ya Wasukuma, yako Kisesa, kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Daladala za Kisesa hazikosekani. Mkishuka, chukueni bajaji hadi juu, maana mtoto mdogo akipandisha kilima kwa miguu anafika amekwisha. Jitahidini mfike saa tatu asubuhi. Nyumba za maonyesho zimetawanyika kwenye eneo la wazi, mnatoka hii mnaingia ile, na kufika saa sita jua linawachoma watoto vichwani. Kofia, na maji angalau lita moja kwa kila mtoto.

Mwongozaji akiachiwa nafasi ataanza na tawala za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, na nasaba zao. Ni elimu nzuri, lakini dakika ya tano mtoto anatazama mijusi. Ongea na mwongozaji mapema, ukianza na salamu ya asubuhi ya Kisukuma: “Mwangaluka. Tuna watoto, tunaomba tuanzie kwenye ngoma.”

Jumba la watemi lina umbo la kiti cha mtemi. Msiingie moja kwa moja. Simameni mbali kidogo na mumuulize mtoto jengo linafanana na nini. Akiligundua mwenyewe hatalisahau. Ndani kuna ngoma za watemi, na mkono wa mtoto utaifuata ngozi kabla hujamkataza. Ngozi iliyokauka miaka mingi inaweza kupasuka kwa kofi moja. Kwa hiyo muulize mwongozaji mlangoni kama kuna ngoma inayoruhusiwa kupigwa, halafu mwahidi mtoto hiyo.

Kisha nendeni kwa Bagika na Bagalu. Hapo ndipo watoto huchangamka, na ningekaa hapo muda mrefu kuliko kwingine. Ni vyama viwili vya ngoma vilivyoanza karne ya 19, Bagika kikianzishwa na Ngika, Bagalu na Gumha, mahasimu kama Simba na Yanga. Wanashindana siku moja, uwanja mmoja, na anayewavuta watazamaji wengi kwake ndiye mshindi. Ndiyo maana ya mbwembwe zote: dawa za mvuto, mavazi, hata chatu shingoni. Wagawe watoto pande mbili kabla ya kuingia, kila upande utafute vifaa vya chama chake. Mkija Juni wakati wa sikukuu ya Ekaristi, mtakuta mashindano yenyewe, Bulabo. Siku hiyo umati ni mkubwa, kwa hiyo andikeni namba ya simu ya mzazi kwenye mkono wa mtoto.

Nyumba ya mganga huwatisha walio chini ya miaka sita. Waelezeni nje kwamba watakuta vibuyu na mizizi, na kwamba mganga alikuwa tabibu. Neno “uchawi” likishatajwa mlangoni, hamwingii tena. Kanisa la mviringo la Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho haya, liacheni mwisho. Kuna kivuli cha kupumzikia.

Saanane ipangieni siku nyingine. Kisiwa ni kidogo, hifadhi nzima pamoja na maji yake ni kilomita za mraba 2.18, na boti inatoka Capri Point kwa dakika chache tu. Mlangoni tajeni umri wa kila mtoto: chini ya miaka mitano halipi, na wa miaka 5 hadi 15 ana kiwango chake. Kabla boti haijaondoka, kagueni jaketi la uokozi. Livuteni juu mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, ombeni dogo zaidi. Mkishafika, chakula kisitoke kwenye begi mbele ya tumbili, na watoto wasioge ziwani hata ufukwe ukiwa unavutia, kwa sababu ya kichocho na mamba. Viatu viwe vya kufunga. Mawe ya kisiwani yanateleza yakilowa, na kandambili ndizo huangusha watoto wengi.