Norwei: kwa nini washiriki wa mbio za skii hubeba kilo 3.5 mgongoni

Kila Machi, washiriki wa mbio za Birkebeinerrennet huteleza kwa skii kilomita 54 kutoka Rena hadi Lillehammer, na kila mmoja lazima abebe mfuko usiopungua kilo 3.5. Uzito huo unasimama badala ya mtoto mchanga, Hakon Hakonsson, mwana wa mfalme, ambaye wapiganaji wa Birkebeiner, kundi mojawapo katika vita vya kugombea ufalme wa Norwei, walimtorosha kupitia milima hiyo majira ya baridi ya mwaka 1206.

Kabla ya kuuliza kwa nini mtoto alikuwa anawindwa, zoea majina kwanza. Sisi wa Kiswahili tuna bahati: -sson isome bin, -dotter isome binti. Huyu ni Hakon bin Hakon. Si jina la ukoo.

Sasa sheria ya kurithi ufalme enzi hizo. Mtoto yeyote wa kiume wa mfalme, wa ndoa au wa nje, kifungua mimba au kitindamimba, alikuwa na haki ya kiti. Akishathibitisha baba yake, alikwenda kwenye ting, baraza la watu huru, lililo maarufu zaidi likiwa Øreting kule Trondheim. Huko alipewa jina la mfalme, naye akaapa kushika sheria za nchi. Wangeweza kutawazwa wawili au watatu kwa pamoja, na ilitokea mara nyingi. Tatizo lilikuwa kwenye uthibitisho. Mama akisema mtoto ni wa mfalme aliyekwisha kufa, nani atabisha?

Jibu lilikuwa kiapo cha moto. Harald Gille alitokea Ayalandi akidai kuwa mwana wa Magnus Miguu-Mitupu, mfalme aliyekwisha kufa. Heimskringla, kitabu cha visa vya wafalme wa Norwei kilichoandikwa na Snorri Sturluson wa Aisilandi karibu mwaka 1230, inasema alitembea peku juu ya majembe tisa ya plau yaliyopashwa moto, huku maaskofu wawili wakimwongoza. Nyayo zilikaguliwa baada ya siku tatu: hazikuungua. Mfalme Sigurd, mwana wa Magnus huyo, alimkubali kama ndugu kwa sharti kwamba asidai ufalme maadamu Sigurd au mwanawe Magnus wako hai.

Sigurd alifariki mwaka 1130. Harald akadai nusu ya ufalme papo hapo, na akapewa. Mwaka 1134 Magnus, mwana wa Sigurd, alimshinda vitani, kisha akafanya kosa la kutawanya jeshi mapema. Harald akarudi kutoka Denmaki na, mwaka 1135, akamkamata Magnus mjini Bergen. Hakumuua. Alimtoboa macho, akamhasi na kumkata mguu, kwa kuwa kilema hafai tena kuwa mfalme. Mwaka uliofuata Harald mwenyewe aliuawa na Sigurd Slembe, mdai mwingine wa baba yuleyule.

Vita hivyo viliendelea, kwa vipindi, hadi 1240. Sheria ya miaka ya 1160 iliyompendelea mwana mkubwa wa ndoa haikusaidia, maana ilitungwa kumlinda Magnus Erlingsson, ambaye jina lake tu lilimsuta: baba yake, Erling, hakuwa mfalme, damu ya kifalme ilitoka kwa mama, Kristin, binti wa Mfalme Sigurd yuleyule. Magnus huyu aliuawa katika mapigano ya Fimreite mwaka 1184.

Yule mtoto wa mlimani naye hakuponea hapo. Mwaka 1218 mama yake, Inga, alishika chuma cha moto kuthibitisha baba wa mwanawe. Mkono ulitoka salama. Hakon ndiye aliyepitisha, mwaka 1260, sheria ya mfalme mmoja tu: mwana mkubwa wa ndoa.