Sista na chupa ya mofini

Shangazi alirudi Muheza kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, baada ya mionzi, akiwa na barua ya kuendelea nyumbani na tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshasambaa. Ukoo mzima ukaelewa jambo moja tu: wamemrudisha afe.

Sista, muuguzi wa tiba hiyo, alikuja kwa pikipiki, akatoa chupa ya mofini ya maji na bomba la kupimia lisilo na sindano. Baba mkubwa akasimama mlangoni.

"Sista, hii ndiyo ya kummalizia? Au mnataka kumfanya teja?"

"Hapana, mzee wangu. Ni ya maumivu."

Akaketi mkekani, akaeleza bila haraka. Dozi huanza ndogo, hupandishwa kwa kufuata maumivu, na ikipimwa inavyotakiwa haiharakishi kifo. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi mbili kwa pamoja ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Kinachosumbua kweli ni choo kigumu, akasema, akatuachia na vidonge vya kulainisha.

Siku za mwanzo shangazi alisinzia mno, minong'ono ikarudi. Kumbe alikuwa analipa deni la usingizi wa miezi. Usingizi ukapungua, na asubuhi moja walipokuja wachuuzi kununua machungwa yakiwa bado mtini, yeye ambaye hakuweza hata kugeuka kitandani akataka asogezwe barazani. Akaikataa bei ya kwanza. Akaikataa ya pili. Akawatajia miti, mmoja mmoja, na nani aliupanda. Baba mkubwa alinyamaza kimya, akisikiliza.

Uganda wamekuwa wakitumia mofini hii ya maji tangu 1993, daktari Anne Merriman alipoanzisha Kampala hospisi, huduma ya kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona. Inaniuma kwamba bado kuna wagonjwa wanaonyimwa dawa hii na ndugu wanaowapenda.

Shangazi alifariki wakati wa masika, nyumbani, akiwa na fahamu zake karibu hadi mwisho. Sista alikuja matangani, akachukua mofini iliyobaki, akakaa na kila mmoja wetu kutuuliza tunalalaje. Alipoinuka kuondoka, baba mkubwa akamwambia asubiri, kuna jirani anaugua saratani ya koo na wanawe wanaiogopa hiyo dawa. Akavaa kandambili, akatangulia yeye kwenda kubisha hodi.