Mguu Unaouma na Mguu Ulionyamaza

Mwaka jana, kwa muda wa miezi mitano hivi, nilikuwa nikiamka alfajiri na kukaa ukingoni mwa kitanda nikiiogopa sakafu. Hatua ya kwanza ilinichoma chini ya kisigino cha kulia kana kwamba nimekanyaga mwiba. Hatua ya kumi ilikuwa na nafuu. Na nilipomaliza kuchota maji na kuwasha jiko, maumivu yalikuwa yamefifia hata nikayasahau. Yalirudi adhuhuri, kila nilipoinuka kitini baada ya kusahihisha madaftari, kwa maana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka kumi na minane nimesimama mbele ya ubao juu ya sakafu ya saruji nikiwa nimevaa viatu vya soli nyembamba.

Daktari aliyenipokea hakuanza na eksirei. Aliniuliza kwanza maumivu yanakuja saa ngapi, kisha akanitaka niweke kidole kimoja mahali panapouma, kidole kimoja tu, si kiganja kizima. Nilipobonyeza upande wa ndani wa kisigino, kwa chini, akawa amekwisha kuujua ugonjwa wangu.

Wayo una mifupa 26, na chini yake umepita utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole, ukiushikilia mguu kama ugwe unavyoshikilia upinde. Utando huo ukichoshwa kwa kusimama mno, kwa uzito, au kwa misuli ya nyuma ya mguu iliyokaza, huumia pale unapoanzia. Usiku mguu unapolegea, nao hujikunja; asubuhi mtu anapoukanyagia, huvutwa kwa ghafla, na hapo ndipo mwiba ule unapochoma. Walimu wenzangu kadhaa waliniambia kwamba mfupa umeota kisiginoni na kwamba ni lazima ukatwe. Ninawaomba wasomaji wangu wasikimbilie kuamini hivyo, kwa kuwa watu wengi wana kijifupa hicho na hawajapata kuumwa hata siku moja. Mimi nilipona bila kisu: nilisukuma ukuta kwa mikono huku mguu mmoja ukiwa nyuma, goti limenyooka na kisigino kimekaa chini, asubuhi na jioni, nilibingirisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo, na nilinunua viatu vyenye soli nene. Ilichukua miezi, si siku.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wenzangu maswali yale yale mawili, saa na mahali, na nimeona jinsi yanavyotenganisha magonjwa ambayo sisi huyaita yote kwa jina moja la "miguu inaniuma". Anayeumwa nyuma, juu ya kisigino, penye kano nene inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu, ana tatizo la kano hiyo. Na ikikatika kabisa, kwa kawaida mtu husikia mlio na kuhisi amepigwa teke kwa nyuma, akigeuka haoni mtu. Huyo asingoje kesho. Anayeamshwa usiku wa manane na kidole gumba kilichovimba, chekundu na cha moto, kisichovumilia hata kuguswa na shuka, mara nyingi ana jongo, ambalo hutokana na chembe za asidi ya yuriki zinazojikusanya kwenye kiungo. Kidole gumba kinachopinda polepole kuelekea wenzake, na kuacha kinundu upande wa ndani wa wayo, ni jambo la miaka mingi, na kiatu chenye ncha nyembamba hukizidishia mateso.

Kuteguka kwa kifundo cha mguu ndiko ninakokuona zaidi shuleni, hasa kwenye mchezo wa pete. Mguu hupinduka kwa ndani, kano za upande wa nje huvutika au kuchanika, uvimbe huja upesi na ngozi huvilia damu. Desturi yetu ni kumpeleka mtoto kwa mchuaji siku hiyo hiyo, nami siiafiki, kwa sababu kuuchua kwa nguvu mguu ambao pengine umevunjika ni kuongeza madhara. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni rahisi ya kuamua nani apigwe picha, na ninaitumia kuamua nani apelekwe hospitali bila kuchelewa: ambaye hawezi kupiga hatua nne, au anayeumwa akibonyezwa kwenye mfupa wenyewe, ukingo wa nyuma wa kifundo au ncha yake, upande wa ndani au wa nje. Aidha, anayeumwa kwenye mfupa katikati ya ukingo wa nje wa wayo naye hutazamwa.

Yote niliyoyaeleza hadi hapa ni miguu inayolalamika. Mguu ulionitia hofu ya kweli haukulalamika hata kidogo.

Mama yangu ana kisukari kwa miaka mingi. Jioni moja alisema miguu yake imechoka na inamwasha kama imemwagiwa mchanga, nami nikamtengenezea maji ya kumkanda, kama yeye alivyokuwa akinikanda utotoni. Nikamuuliza kama ni ya moto mno. "Yako sawa tu, mwanangu, ni ya vuguvugu." Sikuyagusa. Alipoitoa miguu, ngozi ya juu ya vidole viwili ilikuwa imebabuka, naye alikuwa akiendelea kunisimulia habari za harusi ya jirani.

Sukari inapokuwa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, ikianzia kwenye vidole vya miguu na kupanda juu. Huanza kwa kuwasha, kuchoma au ganzi, kisha huja ukimya. Ngozi hukauka na kupasuka, sugu huongezeka, na chini ya sugu kidonda huweza kuchimba bila mwenyewe kujua. Damu nayo ikiwa haifiki vizuri, kidonda hakifungi. Watu wetu husema panya hung'ata huku akipuliza, ndiyo maana mtu haamki; lakini mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, watu ambao miguu yao haikuwa na uwezo wa kuwaamsha. Niliposoma hayo nililia. Lipo pia jambo ambalo wengi hulipuuza: wayo wa mgonjwa wa kisukari uliovimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi na hauna jeraha, huenda mifupa yake inasagika ndani, na kila siku ya kuukanyagia huuharibu zaidi.

Vidonda vya mama vilipona baada ya wiki tisa, na muuguzi wa kliniki alitufundisha mengi kwa uvumilivu. Hatembei peku hata ndani ya nyumba. Viatu hukung'utwa kabla ya kuvaliwa. Maji hupimwa kwa kiwiko changu, si kwa mguu wake. Kila jioni baada ya Isha hukaa kwenye kiti cha ukambaa na kuniwekea miguu mapajani, nami huanza na kidole kidogo cha kushoto, nikipitisha taa ya simu kati ya kidole na kidole, na kioo kidogo chini ya kisigino, na mara kwa mara huniuliza, "Umeniona nini leo?"