Mama alidhani ni macho

Jana jioni nimefika kwa mamangu huku Umoja nikampata ameinamia laptopu hadi pua inakaribia kugusa skrini, ananiambia macho yameisha na ashaanza kuweka pesa ya miwani mpya. Iliniuma sana. Nikaangalia vizuri, kumbe zumu ya Chrome, ile programu ya kufungulia mtandao, iko asilimia 50! Ukishikilia kitufe cha Ctrl alafu uzungushe ile gurudumu ya mausi ukurasa unakua ama unapungua, na mkono wake ulikua umelalia hapo bila yeye kujua. Nikabonyeza Ctrl na 0, ikarudi 100 papo hapo, mama akashika kifua akasema asante Mungu.

Lakini hata 100 ilikua bado ndogo kwake juu ana miaka 67, ndio tukaingia kwa mipangilio, pale kwa mwonekano, tukaweka saizi ya fonti kubwa, saiti zingine zikakataa kabisa kubadilika, basi tukapandisha zumu ya kurasa zote hadi 125. Hiyo ndio dawa, juu ukikuza na Ctrl na alama ya kujumlisha Chrome inakumbuka hiyo saiti moja tu, zingine zinabaki vile zilikua. Firefox nayo, programu ingine kama Chrome, inaweza kukuza maandishi pekee picha zibaki saizi yake, mi hiyo naipenda.

Kliniki ya macho bado nitampeleka. Ila jana usiku alisoma habari hadi saa nne, mgongo umenyooka, na nilifurahi sana kumuona hivyo.