Kipimo kilisema niko sawa, kidole kikakataa

Damu yangu ilipimwa asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti (ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma), kwa mara ya kwanza kidole gumba cha mguu kikiwa kimevimba, chekundu, kinang'aa, hata shuka likikigusa usiku napiga kelele. Majibu yakaja: kawaida. Nikapewa dawa za maumivu. Nyumbani wengine wakasema ni baridi ya Uyole, wengine wakasema nimekanyaga kitu cha watu, yaani uchawi.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja hapa Mbeya mjini. "Mzee wangu, gauti ikipamba moto, asidi kwenye damu inaweza kushuka kwa muda. Uvimbe ukiisha, kaa wiki mbili au zaidi, urudi tupime." Nikarudi natembea vizuri. Safari hii kipimo kikasoma mikromoli 548 kwa lita.

Asidi hii hutokana na purini, iliyomo kwenye seli zetu wenyewe na kwenye chakula, na figo ndizo zinazotoa sehemu kubwa. Ikipita kama 400 hivi, damu inashindwa kuiyeyusha yote, na chembe zenye ncha kama sindano zinaanza kujijenga kwenye viungo. Hujijenga kwa urahisi zaidi penye ubaridi, na vidole vya miguu ndivyo vyenye baridi kuliko viungo vingi. Kwa hiyo waliotaja baridi ya Uyole hawakukosea sana, ila baridi bila asidi nyingi haileti gauti. Tena watu wengi wenye asidi ya juu hawaugui gauti maisha yao yote, na kwa kawaida hawaanzishiwi dawa kwa sababu ya namba peke yake.

Daktari akataka kuona dawa zangu zote. Ya presha ilikuwa ile ya kukojosha, ambayo hupandisha asidi. Akanibadilishia losatani, inayosaidia figo kuitoa kidogo. Naomba sana, usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Peleka vidonge vyote mezani kwa daktari.

Kisha alopurinoli, dawa ya kushusha asidi, tukaanza na miligramu 100, tukapandisha taratibu huku tukipima damu, lengo likiwa chini ya 360. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, maana miezi ya mwanzo kidole kiliuma tena. Asidi ikishuka, chembe za zamani huanza kulegea, na hapo maumivu huweza kurudi. Alikuwa ameshaniambia, na alinipa kolchisini ya dozi ndogo kama kinga ya maumivu hayo, kwa hiyo sikuacha alopurinoli hata siku kilipouma. Kitu kimoja tu alisisitiza: nikiona upele, niache alopurinoli mara moja na kuwahi hospitali.

Komoni na kimpumu, pombe zetu za kienyeji, na bia nimeaga. Soda pia, kwa sababu ya sukari yake. Maini na utumbo nakula kwa nadra. Maharage ambayo majirani walinikataza bado yako mezani kwangu, kwa ruhusa ya daktari, na ninashukuru, kwani Mbeya bila maharage utakula nini? Lakini chakula peke yake kisingenifikisha. Hushusha asidi kidogo tu.

Sasa namba iko 340. Kidonge nakunywa kila siku baada ya chai, maumivu yawepo yasiwepo, na kila nikienda kupima asidi tunapima na figo.