Nilivyofungisha sheli ya hidrojeni kwa mpira wa mita moja

Nyumbani wakiniuliza nafanya kazi gani huku Ujerumani nawaambia nazunguka kwenye sheli, basi wanajua najaza watu mafuta. Ukweli ni kwamba nachukua sampuli za hidrojeni, ile inayojazwa kwenye malori makubwa yanayotembea kwa umeme yanaoutengeneza yenyewe humo humo ndani. Gesi yake lazima iwe safi asilimia 99.97, ISO 14687, kiwango cha kimataifa cha hidrojeni ya magari, ndo inavyotaka, na ukiona viwango vyake unaweza kucheka: salfa mwisho 0.004 kwenye milioni, kaboni monoksaidi 0.2, kwa sababu hizo zinaganda kwenye platinamu ya ule mtambo wa ndani unaotengeneza umeme na lori linaanza kukosa nguvu mlimani.

Sasa mwaka wangu wa kwanza ilikuwa baridi ile ya kukata masikio, dereva ana haraka, mimi nimeunga kidude chetu katikati ya nozeli na lori, maana sampuli tunaichukua wakati lori linajazwa kabisa, presha 350 bar, sehemu ndogo ya gesi inapunguzwa presha na kuingia kwenye mtungi wetu. Kabla ya hapo unatakiwa usafishe njia yote, unaijaza gesi, unafunga, unaiachia itoke kwa bomba la juu, unarudia tena na tena mpaka hewa iishe. Nikafanya. Nikasaini, nikapeleka maabara, nikalala vizuri tu.

Majibu yakaja: oksijeni 11 kwenye milioni, mwisho ni 5. Sheli ikafungwa, malori yakaelekezwa kwingine, na meneja wa pale akanipigia simu, jamani sitaki hata kukumbuka.

Kila mtu akaanza kuisaka kompresa, ile mashine ya sheli inayoshindilia gesi, kwamba inavuta hewa, mafundi wakaitwa. Mimi nikakaa na ile karatasi. Naitrojeni ilikuwa 42, wala hakuna aliyeiangalia maana inaruhusiwa hadi 300. Ila 42 kwa 11 ni karibu mara nne, na agoni, gesi nyingine ya hewani, nayo ipo kidogo, kama 0.5. Hiyo si ndo hewa hii hii tunayovuta? Ingekuwa naitrojeni ya mafundi iliyobaki baada ya matengenezo ingekuja peke yake bila oksijeni. Sasa hewa imeingilia wapi wakati mabomba yote yana presha, ikivuja si inatoka nje?

Nikarudi stoo, nikakitoa kidude, nikafuata njia kwa kidole kuanzia kwenye nozeli. Nilipofika kwenye regulata, ile inayopunguza presha, nikasimama. Kutoka pale hadi kwenye mtungi kuna mpira mwembamba wa kama mita moja, na bomba la kuachia gesi liko kabla yake. Kwa hiyo nilisafisha kote isipokuwa pale, hewa ya humo yote ikaenda mtungini.

Nikamwambia bosi ni mimi. Alinyamaza muda mrefu kidogo halafu akasema nenda kachukue nyingine. Nikarudia, safari hii nikausafisha na ule mpira mara kumi, nahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Oksijeni ikaja chini ya 1, sheli ikafunguliwa.

Yule meneja mpaka leo nikifika ananiuliza kama leo nimekuja na oksijeni yangu au nimeiacha nyumbani.